KUCHAGUA BLOKI YA INJINI: Somo la Metali, Vipimo na Hesabu kutokana na Gari la Datsun 240Z

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 gari moja la michezo kutoka Japani lilijipatia sifa kubwa katika Afrika Mashariki. Gari hilo, Datsun 240Z, lilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann akisaidiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 lilishinda tena, safari hii likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na msaidizi wake Lofty Drews. Barabara zilikuwa za vumbi, matope na mawe, na injini iliyoweza kuzimaliza ilihesabiwa kuwa injini ya kweli.

Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu ushindi ule. Magari ya aina hiyo yaliyosalia duniani sasa hutafutwa, hufumuliwa na kujengwa upya na wapenzi wa magari ya zamani. Mara nyingi mwenye gari hufungua injini akiwa na matumaini, kisha akakuta bloki imepasuka, au silinda zimelika kupita kiasi. Hapo huzuka swali gumu: je, bloki ile itengenezwe, au itafutwe nyingine? Na ikiwa ni nyingine, iwe ipi?

Swali hili huonekana kama la biashara, lakini jibu lake hutoka katika sayansi. Fundi asiyepima hununua kwa macho, na macho hayawezi kuona tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita. Tena kosa la aina hii halirekebishiki kwa urahisi, kwa sababu metali ikishachongwa hairudi. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa hatua kwa hatua, kwa kutumia maarifa ambayo mwanafunzi wa sekondari anayo tayari.

BLOKI NI NINI?

Bloki ndiyo kiunzi cha injini. Ndani yake mna silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Chini yake hushikiliwa krankishafti. Juu yake hukaa silinda hedi. Na katikati ya kuta zake hupita maji ya kupoza na oili ya kulainisha. Sehemu nyingine zote za injini hupata nafasi zake kutokana na bloki. Bloki ikipinda, hakuna kinachobaki mahali pake.

Injini ya Datsun 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na krankishafti yake hukaa juu ya beringi kuu saba. Bloki imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho huwa na kaboni nyingi kuliko feleji, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa katika umbo la vipande vidogo vidogo vya grafiti. Grafiti hupunguza msuguano kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na humeza mitikisiko. Chuma cha kusubu huhimili sana nguvu ya kugandamizwa. Udhaifu wake ni kwamba hakivumilii kuvutwa wala kupigwa ghafla: feleji hupinda kwanza, lakini chuma cha kusubu hupasuka.

Nguvu zinazoikabili bloki si ndogo. Ichukuliwe kuwa kanieneo ya gesi wakati mafuta yanapowaka ni nyutoni 500 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo la kichwa cha pistoni chenye kipenyo cha 83 mm ni sentimita za mraba 54.1. Basi nguvu inayoisukuma pistoni ni:

500 × 54.1 = nyutoni 27,050

Nguvu hii ni sawa na uzito wa karibu tani 2.7, na hurudiwa katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda hupata mapigo 2,500 ya namna hiyo katika dakika moja. Ufa mdogo katika bloki, chini ya mapigo kama hayo, haubaki kuwa mdogo.

JAMAA MOJA, VIPIMO TOFAUTI

Injini ya 240Z huitwa L24. Kampuni hiyohiyo ilitengeneza baadaye injini mbili kubwa zaidi za jamaa hiyo kwa ajili ya magari yaliyofuata: L26 kwa gari la 260Z, na L28 kwa magari ya 280Z na 280ZX. Kwa nje bloki hizi tatu hufanana sana, hata L28 huweza kufungwa mahali pa L24 kwa kutumia vishikizo vilevile na giaboksi ileile. Kwa sababu hiyo mwenye 240Z ana nafasi ya kuchagua. Vipimo vyao ni hivi:

L24: kipenyo cha silinda 83 mm, mwendo wa pistoni 73.7 mm
L26: kipenyo cha silinda 83 mm, mwendo wa pistoni 79 mm
L28: kipenyo cha silinda 86 mm, mwendo wa pistoni 79 mm

Ujazo wa injini hupatikana kwa kuzidisha eneo la silinda kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Kwa L24, vipimo vikiwa katika sentimita:

Eneo = 3.1416 × 8.3 × 8.3 ÷ 4 = 54.1
Ujazo wa silinda moja = 54.1 × 7.37 = 398.8
Ujazo wa silinda sita = sentimita za ujazo 2,393

Kwa njia hiyohiyo L28 hupata sentimita za ujazo 2,753. Kwa hiyo L28 ni kubwa kuliko L24 kwa asilimia 15.

Mwanafunzi makini ataona jambo jingine katika vipimo hivyo. L24 na L26 zina kipenyo kimoja cha silinda. Ongezeko la ujazo katika L26 halikutoka katika silinda pana. Limetoka katika krankishafti yenye kono refu zaidi. Basi mtu mwenye krankishafti, konrodi na pistoni nzima za L24 anaweza kuzihamishia katika bloki ya L26. Kwa L28 haiwezekani kuzihamisha zote, kwani pistoni ya 83 mm haiwezi kufanya kazi katika silinda ya 86 mm.

Je, haiwezekani kuipanua bloki ya L24 ifikie 86 mm? Tofauti ya kipenyo ni 3 mm, maana yake ni kuondoa 1.5 mm katika kila upande wa ukuta. Nyuma ya ukuta huo mna maji. Ukuta ukiwa mwembamba mno hutanuka bila usawa unapopata joto, ringi za pistoni hushindwa kuziba vema, na hatimaye ukuta hupasuka. Kwa sababu hiyo upanuzi wa bloki hufanywa kwa hatua ndogo, kama 0.5 mm au 1.0 mm, kwa ajili ya kuondoa uchakavu.

JUMLA ISIYOBADILIKA

Ikiwa mwendo wa pistoni wa L28 ni mrefu kuliko wa L24, imekuwaje pistoni yake isitokeze juu ya bloki? Jibu liko katika jumla ya urefu wa vipande vitatu: kono la krankishafti, ambalo ni nusu ya mwendo wa pistoni, konrodi, na sehemu ya pistoni iliyo juu ya pini yake.

Konrodi ya L24 ina urefu wa 133 mm, na ya L28 ina urefu wa 130.35 mm. Hesabu ni hizi:

L24: 36.85 + 133.00 = 169.85 mm
L28: 39.50 + 130.35 = 169.85 mm

Jumla ni ileile. Waliobuni injini walipolirefusha kono la krankishafti kwa 2.65 mm, waliifupisha konrodi kwa kiasi hichohicho. Kwa njia hiyo pistoni hufika kimo kilekile katika bloki ya kimo kilekile.

Hesabu hii fupi huokoa injini nyingi. Fundi akifunga krankishafti ya L28 pamoja na konrodi za L24, akatumia pistoni za kawaida za L28, kila pistoni itapanda 2.65 mm kupita kiasi na kugonga silinda hedi. Hakuna gasketi itakayoweza kuizuia. Ndiyo maana sehemu za injini hazichaguliwi moja moja: zinachaguliwa kwa jumla yake.

UWIANO WA MGANDAMIZO

Jambo la pili linalohitaji hesabu ni uwiano wa mgandamizo. Huu ni uwiano kati ya nafasi yote iliyo juu ya pistoni ikiwa chini kabisa, na nafasi inayobaki ikiwa juu kabisa. Katika L24 za kwanza uwiano huo ulikuwa 9 kwa 1. Kwa kuwa ujazo wa silinda moja ni 398.8, nafasi inayobaki juu ni:

398.8 ÷ (9 − 1) = sentimita za ujazo 49.8

Ichukuliwe sasa kuwa mwenye gari amenunua bloki ya L28 lakini anataka kuendelea kutumia silinda hedi yake ya zamani. Silinda moja ya L28 ina ujazo wa 458.9. Ikiwa pistoni ni za kichwa bapa, na nafasi ya juu imebaki ileile, uwiano mpya utakuwa:

(458.9 + 49.8) ÷ 49.8 = 10.2

Uwiano umepanda kutoka 9 hadi 10.2. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapogandamizwa sana hupata joto kubwa, na sehemu yake huweza kulipuka yenyewe kabla mwali wa plagi haujaifikia. Injini hugonga kama inayopigwa nyundo ndogo. Mgongo huo ukiendelea hutoboa pistoni na kuvunja ringi. Dawa yake ni petroli ya daraja la juu, ambayo haipatikani kila mahali, au pistoni zenye bonde katika kichwa chake. Bonde la sentimita za ujazo 11, kwa mfano, lingeishusha hesabu hiyo hadi karibu 8.5.

Kinyume chake pia kina hatari. Silinda hedi ya L28 ina vali kubwa zaidi. Ikiwekwa juu ya silinda nyembamba za 83 mm, vali huweza kugusa ukingo wa silinda zinapofunguka. Basi bloki haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na hedi itakayoifunika.

KUITAMBUA BLOKI

Kabla ya kununua, mtu ahakikishe anachokinunua. Alama ya L24, L26 au L28 imepigwa pamoja na nambari ya injini katika sehemu iliyosawazishwa ubavuni mwa bloki, karibu na silinda ya sita, chini kidogo ya mahali hedi inapokaa. Alama hizi hupigwa baada ya kusubu. Alama nyingine hutokana na kalibu yenyewe, nazo zimeinuka juu ya uso wa chuma. Kwa L28 alama hizo hutofautisha aina mbili zinazotafutwa sana: N42, ambayo ni ya kwanza, na F54, iliyotumiwa katika 280ZX kuanzia modeli ya mwaka 1981. Katika F54 kuta za silinda jirani zimeungana. Muungano huo huzipa silinda uimara zaidi, lakini huondoa nafasi ya maji kati ya silinda na silinda.

Nambari ya injini ina uzito wa kisheria pia. Katika kadi ya gari huandikwa nambari hiyo, na bloki ikibadilishwa mamlaka inayohusika hupaswa kuarifiwa. Nambari iliyofutwa kwa tupa au kupigwa upya ni dalili mbaya. Huenda injini imeibwa. Vilevile kuipiga bloki mpya nambari ya ile ya zamani ili gari lionekane la asili ni udanganyifu, hata kama kazi yenyewe imefanywa kwa ustadi.

KUICHUNGUZA BLOKI

Bloki ikishatambuliwa na kusafishwa, uchunguzi hufuata utaratibu huu.

(a) Nyufa. Nyufa hupatikana zaidi kati ya silinda, kuzunguka matundu ya bolti za hedi, na penye beringi kuu. Kwa kuwa chuma cha kusubu huvutwa na sumaku, njia moja ya kuzifichua ni kukisumakisha na kunyunyizia unga laini wa chuma. Penye ufa mistari ya sumaku hutoka nje, na unga hujikusanya hapo kama uzi mweusi. Njia ya pili ni kuziba matundu yote ya maji, kujaza hewa ya kanieneo ya wastani na kuizamisha bloki majini. Viputo huonyesha penye tundu.

(b) Usawa wa uso. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto mara mbili ya chuma cha kusubu. Kwa urefu wa 500 mm na ongezeko la nyuzi 70 za joto, alumini hurefuka karibu 0.80 mm na chuma karibu 0.39 mm. Gasketi iliyo katikati lazima ivumilie tofauti hiyo. Ikiwa uso wa bloki umepinda, haitavumilia. Rula ya feleji iliyonyooka kabisa hulazwa juu ya uso kwa marefu, kwa mapana na kwa pembe, na nafasi iliyo chini yake hupimwa kwa fila geji, yaani fungu la vibamba vyembamba vyenye unene unaojulikana. Nafasi ikizidi 0.1 mm, uso hupaswa kusawazishwa kwa mashine.

(c) Uchakavu wa silinda. Silinda hailiki sawasawa. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, hulika zaidi, kwa sababu hapo joto na kanieneo ni vikubwa na oili ni chache. Tena upande ulio mkabala na mhimili wa krankishafti hulika zaidi, kwa sababu konrodi inapolala pembe huisukuma pistoni ubavuni. Kwa hiyo kila silinda hupimwa katika vimo vitatu, na katika kila kimo mara mbili: sambamba na krankishafti, na mkabala nayo. Silinda sita hutoa vipimo 36. Ichukuliwe kuwa kipimo kikubwa cha silinda moja ya L24 ni 83.26 mm na kidogo ni 83.03 mm. Tofauti ni 0.23 mm. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda mpya ni 0.025 hadi 0.045 mm tu. Ni wazi kuwa silinda hiyo hupaswa kuchongwa na kupewa pistoni kubwa zaidi. Fundi mwangalifu hununua pistoni kwanza, huipima, kisha ndipo huichonga silinda kuifuata.

(d) Unene wa kuta. Wakati wa kusubu, umbo la ndani la kalibu huweza kusogea kidogo, hata silinda ikawa na ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kutu ya ndani huzidi kuupunguza, hasa pale gari lilipotumia maji matupu kwa miaka mingi. Unene hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio: wimbi hupita katika ukuta, hurudi, na muda wake huonyesha umbali.

UAMUZI

Baada ya vipimo, njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuiokoa bloki ya asili. Ikiwa ni silinda moja tu iliyoharibika, huweza kuchongwa na kuvishwa slivu ya chuma. Njia hii hulinda asili ya gari. Haifai ikiwa ufa umepita penye beringi kuu, kwani hapo ndipo nguvu zote hupokelewa, na chuma cha kusubu hakiungiki kwa urahisi: joto la kuchomelea huacha metali ngumu na dhaifu kandokando ya kiungo.

Ya pili ni bloki nyingine ya L24 au ya L26. Hutunza tabia ya gari, na sehemu nyingi nzima za injini ya zamani huweza kutumika tena. Kwa mwenye fedha chache na vipuri vizima, hii ndiyo njia yenye busara.

Ya tatu ni L28. Huleta nguvu zaidi katika mizunguko ya chini, jambo lenye faida milimani. Lakini hudai krankishafti, konrodi na pistoni zake, hedi iliyokokotolewa, kabureta zilizorekebishwa, na breki zinazolingana na mwendo mpya. Anayelinganisha bei ya bloki peke yake hajalinganisha kitu.

Lolote litakaloamuliwa, bloki ya asili isitupwe wala kuuzwa kama chuma chakavu. Ipakwe oili, ifunikwe, ihifadhiwe pamoja na gari. Kwanza, nambari yake ni sehemu ya historia ya gari. Pili, ufundi wa kutengeneza huendelea kukua, na kisichotengenezeka leo huenda kikatengenezeka kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika injini, haba hizo ni sehemu za mia za milimita.

MAZOEZI

1. Kokotoa ujazo wa injini ya L26.
2. Silinda zote za L24 zimechongwa kufikia kipenyo cha 83.5 mm. Ujazo mpya ni kiasi gani?
3. Krankishafti ya injini ya dizeli ya LD28, ya kampuni hiyohiyo, ina mwendo wa 83 mm. Ikifungwa katika bloki ya L28 pamoja na konrodi na pistoni za kawaida za L28, pistoni itapanda kiasi gani kupita kimo chake? Taja njia moja ya kuepuka madhara.
4. Wimbi la sauti lilitumia sekunde 2.4 kwa milioni kupita katika ukuta wa silinda na kurudi. Ikiwa kasi yake katika chuma hicho ni mita 4,600 kwa sekunde, ukuta una unene gani?
5. Kwa kutumia vernia, pima kipenyo cha ndani cha kipande cha bomba la zamani katika sehemu sita. Je, bomba ni duara kamili? Eleza ulivyojua.

Majibu: (1) sentimita za ujazo 2,565. (2) Karibu sentimita za ujazo 2,422. (3) 2 mm. Kutumia pistoni ambazo sehemu yake iliyo juu ya pini ni fupi zaidi kwa 2 mm. (4) 5.52 mm.